Kusoma Ukingo wa Medali

Uso wa Medali ya Waterloo hauna siri. Upande mmoja kuna kichwa cha Mwanamfalme George, aliyeshika utawala wa Uingereza kwa niaba ya baba yake. Upande wa pili ameketi mungu wa kike wa Ushindi mwenye mabawa, juu yake jina la kamanda Wellington, chini yake tarehe ya vita vya Waterloo, 18 Juni 1815. Zilitolewa takriban 39,000, za fedha, jenerali akapata sawa na mpiga ngoma. Mkusanyaji mzoefu huutupia uso huo jicho moja, kisha huigeuza medali ubavu.

Ukingoni ndiko kwenye utamu. Kiwanda cha kifalme cha sarafu kiligonga pale, kwa mashine, jina la kila askari na kikosi chake, kwa herufi kubwa nzito, na nafasi iliyobaki kikaijaza vinyota. Mwenye ujuzi husogeza lenzi herufi baada ya herufi. Kina chake kinalingana? Vinyota viko mahali pake? Jina likisagwa ili ligongwe la mtu mwingine, fedha hupungua, na kalipa ya kupimia kipenyo ikizungushwa pande zote humuumbua mdanganyifu. Wala hagusi kitambaa cha kung'arishia. Huko kusugua kumeshafuta nywele za George katika medali nyingi mno.

Kinacholeta udanganyifu ni bei. Medali ya askari wa Scots Greys, waliowavamia Wafaransa kwa farasi, huiacha mbali ya mtu wa Kikosi cha 54, kilichowekwa Hal, mbali na uwanja wa vita. Hawa hawakupigana siku ile, lakini medali walipewa. Mimi ningeichukua ya Hal, na chenji ningebaki nayo.

Lenzi ikishawekwa chini, zinafuata karatasi. Orodha ya waliopewa medali ipo, lakini akina John Smith ni wengi, hivyo mkusanyaji hushuka hadi kwenye hati za kuachishwa jeshi zilizohifadhiwa Kew, London. Huko humtambua mtu wake kwa miaka 2 ya utumishi aliyoongezewa kwa ajili ya Waterloo. Hati hizo hizo humwambia urefu wake, rangi ya macho, jeraha lilikuwa mguu gani, na kabla ya kuvaa sare alikuwa nani: mfumaji, fundi viatu, na mara nyingi kibarua tu.