Thomas More, sheria na mfalme: juu ya mchezo wa Robert Bolt

Mara nyingi katika seminari zetu wameonyesha sinema ya Mtakatifu Thomas More, ile ambayo kwa Kifaransa inaitwa Un homme pour l'éternité. Robert Bolt, Mwingereza, aliiandika kuwa mchezo wa jukwaani mwaka 1960. Fred Zinnemann akaitengeneza sinema mwaka 1966. Mafrateri wanaipenda, wala hatuwalaumu. Lakini wakitoka nje hatusikii neno lingine ila kwamba More alikuwa shujaa. Sisi tungetaka kuuliza swali lingine: mchezo huu unafundisha nini juu ya sheria na mamlaka ya wakubwa?

Bolt analigusa jambo hili mapema. Mkwe wa More, kijana mwenye moto, yuko tayari kukata sheria zote za nchi ili apate kumshika Shetani. More anamwonyesha kwamba sheria ni kama msitu: ukiisha kuufyeka wote, siku Shetani atakapokugeukia utajificha wapi? Hapo Bolt ameona vema kabisa. Wengi kwetu wanafikiri sheria ni fimbo ya Leta ya kuwapiga raia. Kumbe kazi yake nyingine, tena si ndogo, ni kumzuia mkono huyo mwenye fimbo.

Tena More ni avoka, hatafuti kufa. Mwaka 1534 Baraza kuu la Uingereza lilitangaza kwamba Mfalme Henry VIII ndiye mkubwa wa Kanisa katika nchi yake, na mwenye kumnyima cheo hicho kwa nia mbaya ni mhaini. More ananyamaza. Kwa kanuni ya kale, anayenyamaza huhesabiwa kuwa amekubali. Anayemshtaki alete neno lililosemwa. Basi mfalme mwenye askari na gereza anashindwa na mtu mmoja aliyefunga kinywa! Inalazimu kumtafuta Richard Rich, aape uwongo. Na majuji ni nani? Katika tribinali ile ya Julai 1535 walikaa baba, ndugu na mjomba wa malkia Anne Boleyn. Miti ya msitu haisimami yenyewe. Inataka shahidi anayeogopa kiapo na juji asiyekula mezani kwa mfalme. Jambo hili Bolt analionyesha kwa macho, lakini halifikirii.

Kosa lake kubwa zaidi liko mwishoni. Akiisha kuhukumiwa, More anafungua kinywa. Anasema Baraza halina uwezo wa kumpa mfalme ukubwa wa mambo ya roho. Tena uhuru wa Kanisa umeahidiwa katika Magna Carta, na mfalme mwenyewe aliuapia siku ya kutawazwa. Bolt, ambaye hakuwa Mkristo, anayapitisha maneno hayo upesi, kwa kuwa anataka kutufikisha kwenye nafsi ya More, mtu asiyetaka kujivunja mwenyewe. Kwetu sisi ndiyo maneno mazito kupita yote. More hasemi tu kwamba mfalme yuko chini ya sheria. Anasema hata Baraza, na kura zake zote zilizohesabiwa sawasawa, lina mpaka. Waliotunga Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 walifikiri vivyo hivyo walipoandika kifungu cha 220: hesabu na urefu wa vipindi vya Raisi, na uhuru wa majuji, visiguswe na badiliko lolote la Katiba. Mwanafunzi asiyeelewa More hatakielewa kifungu hicho. Ataona ni ujanja wa wanasiasa tu.

Kuna neno moja ambalo Bolt amelificha, nasi hatupendi kulificha, ijapokuwa linatuuma. More alipokuwa Kansela, toka 1529 hata 1532, wazushi walichomwa moto, naye aliona ni haki. Kwa kitabu alitetea desturi ya kumwapisha mshukiwa, apate kujibu juu ya imani yake mwenyewe. Katika barua kwa binti yake Margaret, ya Juni 1535, anaeleza mwenyewe jinsi Cromwell alivyomrudishia jambo hilo: maaskofu waliwalazimisha wazushi kujibu wazi juu ya Papa, kwa nini mfalme asimlazimishe yeye kujibu juu ya mfalme? More alijibu kwamba sheria ya nchi moja si sawa na sheria ya Ukristo mzima. Ni jibu la avoka hodari. Lakini halitutoshi, maana yule mzushi naye alikuwa na haja ya msitu.

Kama Bolt angaliweka mazungumzo hayo jukwaani, More wake angalipungua uzuri kidogo, na mchezo ungalipata nguvu mara mbili. Cromwell naye tarehe 28 Julai 1540 alikatwa kichwa kwa sheria ya Baraza, bila kufikishwa mbele ya tribinali. Rich alipata kuwa Kansela, akafa kitandani.

Safari ijayo tutakapoonyesha sinema hii, tutawasomea mafrateri barua ile kwanza.