Shingo ya Gitaa na Hewa ya Salama

Gitaa la umeme lililokaa miaka mingi katika unyevu wa Mombasa, kisha likapandishwa bara hadi Salama, katika njia kuu baina ya Konza na Sultan Hamud, aghalabu hudhihirisha ila ambayo wenyewe huidhania kuwa ni uchakavu: ncha za freti hutokeza ubavuni mwa shingo na kuukwaruza mkono wa mpigaji. Asili yake ni hewa, kwani mti uliozoea pwani, ukipatwa na kiangazi cha Ukambani, husinyaa kwa upana, ilhali chuma husalia kwa kadiri yake. Ndiyo maana naona kuwa hatua bora kuliko zote katika ukarabati niliouangalia ilikuwa ni kule kungoja: fundi alilegeza skurubu nne, akaitenga shingo na kiwiliwili, akaiacha majuma kadhaa, ndipo akashika tupa.

Alipokwisha kuzisawazisha ncha, aliinyoosha shingo kwa kuukaza taratibu ufito wa chuma uliofichwa ndani yake. Freti zilitaka hadhari zaidi. Katika benga ya Kikamba, ile iliyovumishwa na Kakai Kilonzo na kundi lake la Kilimambogo Brothers, gitaa la solo hupenda kupanda juu, na huko nafasi ni finyu: kwa uzi wa milimita 648, freti ya kwanza iko kama milimita 36 kutoka kijiti chenye mifuo mwanzoni mwa shingo, lakini baina ya freti ya 12, iugawayo uzi nusu kwa nusu, na ile ya 13, pana milimita 18 tu, basi moja ikiizidi jirani yake kwa unene wa karatasi, sauti hukwama. Kwa hiyo alizipaka zote wino, akapitisha tupa ndefu iliyonyooka hata wino ukaguswa kila mahali, kisha akaziviringisha migongo kwa tupa ya pembe tatu.

Mgongo wa shingo ulikuwa na vibonyeo, navyo aliviinua kwa kitambaa kibichi na pasi ya moto, maana nyuzinyuzi za mti zilizobanwa hufura zikipata mvuke. Vanishi ya zamani aliikwangua mgongoni tu. Kichwa chenye jina la kiwanda hakukigusa, nami namsifu kwa hilo. Zamani vanishi nzuri za Ulaya na Marekani zilipikwa kwa sandarusi ya mrima, iliyopakiwa Unguja katika karne ya 19 na kupelekwa hata Salem, Massachusetts. Yeye alitumia mafuta ya kitani, mapako membamba, kila pako likifutwa na kuachwa likauke kabisa, kwa sababu tabaka nene hunata kiganjani pindi jasho linapotoka.

Nyuzi ziliporejeshwa, mvuto wao uliipinda shingo mbele kidogo, upindo unaotakiwa ili uzi upate wasaa wa kutetema katikati. Ulipozidi kiasi, aliukaza ufito robo ya mzunguko, akapima tena siku ya pili.