Kasuku wa Davanzati na Brashi ya Volpi

Elia Volpi, alipoinunua nyumba ya akina Davanzati mjini Florence mwaka 1904, aliikuta imekatwakatwa kuwa makao ya wapangaji, na kwa kuikomboa anastahili shukrani. Lakini pale alipowaachia mafundi wake wayajaze kwa rangi mapengo ya michoro ya kuta, hata kazi yao ikawa haipambanuki na kazi ya karne ya 14, alitenda dhuluma ambayo hakuna aliyeweza kuifuta kikamilifu.

Mnaufahamu Ukumbi wa Kasuku wa nyumba hiyo: ukuta umechorwa mfano wa pazia la thamani lililotundikwa, ndege wamepangwa katika nakshi za pembe nne, na juu yake miti ya bustani inachungulia. Nakshi inayojirudia ndiyo mtego wa fundi mwenye haraka, kwani humhadaa kuwa alichokikosa mahali hapa atakipata pale jirani. Basi humnakili kasuku huyu akamweka pa yule, akaamini kuwa hakuzidisha kitu. Ilhali mkono wa mchoraji wa kale haukuwa muhuri. Shingo ya ndege mmoja hupinda zaidi ya mwenziwe, rangi ya bawa huanza nzito ikaishia nyepesi, na tofauti hizo ndogo ndizo shahidi wetu juu ya fundi ambaye jina lake halikutufikia. Kumnakili ni kumnyamazisha shahidi huyo. Tena, katika fresko ya kweli, rangi hupakwa juu ya lipu mbichi, na chokaa ikigeuka jiwe huishika ndani yake. Rangi ya aliyekuja baada ya miaka mia tano hukaa juu ya lipu kavu, wala haiwi sehemu ya ukuta kamwe.

Katika chumba kingine cha nyumba hiyo, chenye michoro ya hadithi ya kale ya mapenzi ya Castellana di Vergi, hatari huzidi, maana huko anayegusa uso au mkono huwa ameisimulia upya hadithi ya mchoraji wa kale.

Watu hunijibu kuwa hiyo ndiyo ilikuwa ada ya zama zile. Siikubali hoja hiyo. Mwaka 1877 waraka wa serikali ya Italia, ambao mwanahistoria wa sanaa Giovanni Battista Cavalcaselle ndiye aliyekuwa roho yake, ulikwisha kuwakataza mafundi kubuni kilichopotea. Volpi hakukosa elimu. Alikuwa mfanyabiashara wa vitu vya kale, na mwaka 1916 akaipeleka samani ya nyumba hiyo mnadani New York. Mnunuzi hapendi pengo.

Wasomaji wangu wamechoka kunisikia nikiilaumu saruji inayopakwa juu ya chokaa katika nyumba zetu za mawe za pwani, lakini maradhi ni yale yale: kuona haya mbele ya uzee.

Cesare Brandi, mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi Kuu ya Ukarabati iliyoundwa Roma mwaka 1939, hakuona haya hiyo. Kwa tratejo yake, pengo hujazwa kwa mistari myembamba ya wima. Ukiwa mbali picha huungana, ukikaribia mistari hukiri kuwa ni ya leo. Mistari hiyo ingaliwekwa katika Ukumbi wa Kasuku, leo tungaliweza kumhesabu kila ndege aliye wa kweli.