Tumsifu Mwalimu Mkuu kwa Lipi?

Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila orodha ya shule kumi bora, na hapo tukanyang'anywa njia yetu rahisi ya kumsifu mkuu wa shule. Zamani kazi ilikuwa nyepesi: shule imo kwenye kumi bora, basi mkuu wake hodari, haimo, basi anyamaze. Sikuisikitikia orodha ile. Ilisifu mchujo wa kuingilia na mifuko ya wazazi kuliko ufundi wa mtu. Sasa anayetaka kusifu itambidi aende shuleni akaone.

Aende shule ya msingi ya Serikali, maana huko ndiko ufundi huu unakobanwa hasa. Mwalimu mkuu mzuri hufika kabla ya mwalimu wa zamu. Hafuati kuwakamata wachelewaji, ingawa anawaona. Anataka kuikuta shule kabla haijajipanga: choo kipi kimeziba, bomba lipi limekauka, mtoto gani wa darasa la tatu anasinzia mstarini leo kama jana. Ringi ya gari iliyoning'inizwa mwembeni inapogongwa, yeye ameshaijua siku itakavyokuwa. Mwalimu wa darasa la kwanza hayupo, mwanawe anaumwa. Watoto wale nani atawashika? Mara nyingi ni yeye mwenyewe, kwa hiyo wanaosema mwalimu mkuu ni mtu aliyepumzishwa chaki hawajawahi kukaa naye asubuhi moja.

Ofisi yake mnaijua: picha ya Rais na ya Baba wa Taifa, ratiba ukutani, makombe ya michezo yenye vumbi, daftari la wageni mezani. Humo ndimo inamotafunwa hesabu isiyotosha. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, madarasa yalifurika, na ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwaka, huku 4,000 kati yake zikitengwa kwa ajili ya vitabu. Kinachobaki kinunue chaki, kichapishe mitihani, kirekebishe dawati. Tena yeye ndiye katibu wa kamati ya shule. Lazima awaombe wazazi uji wa watoto bila kuwalazimisha, kwa maneno aliyoyapima, maana sentensi moja ikiteleza jioni ataitwa mla michango.

Mwishoni mwa 2021, Serikali ilipojenga madarasa 15,000 kwa mkupuo, mengi yakiwa ya sekondari, wakuu wa shule walijikuta wakihesabu mifuko ya saruji na kubishana na mafundi juu ya nondo, huku viongozi wakija kukagua na tarehe ya kukabidhi ikikaribia. Bagamoyo kuna ADEM, wakala unaowafunza uongozi wa elimu. Lakini fundi anayedai malipo ya awali huku ukuta umepinda hana mtaala.

Kuna kipimo kingine ambacho mgeni haulizii. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinampa mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, mamlaka ya kumchapa mwanafunzi, viboko visizidi vinne, na adhabu iandikwe daftarini. Wapo wanaoyasoma mamlaka hayo kama ruhusa. Ninayemsifu mimi huyasoma kama kizuizi: mwalimu kijana aliyepandisha hasira humwita ofisini, humkalisha, huzungumza naye mpaka fimbo ikose kazi. Jambo hilo haliwekewi jiwe la msingi wala halimleti mpiga picha.

Na cheo chenyewe hakina mizizi. Kiongozi akikasirika hadharani, kesho mtu amevuliwa madaraka na kurudi kwenye vipindi vyake, pengine kwa kosa la mvua iliyoezua paa. Wengi huendelea kuwahi shuleni hata hivyo.

Basi mzazi, kikao kijacho cha shule usimtume mtoto akuwakilishe. Nenda mwenyewe. Uliza mapato na matumizi, ni haki yako, na mwalimu mkuu safi hulifurahia swali hilo. Ukishajibiwa, mshukuru kwa jina mbele ya watu. Afisa elimu hatafanya hivyo kwa niaba yako.