Sifa kwa Wapulizaji wa Salfa

Ukinunua korosho za kukaanga pale Mbagala Rangi Tatu, unamsifu muuzaji. Mimi sifa zangu nampa aliyesimama chini ya mkorosho kule Mkuranga alfajiri ya kipupwe, mashine mgongoni, akakata shauri kwamba leo ndiyo siku ya kupuliza.

Anapambana na ubwiriunga. Kuvu hii haiwezi kuishi juu ya mmea uliokufa. Inataka jani changa, na zaidi ya yote ua. Hupenyeza vinyonyeo ndani ya ngozi ya mmea, na kwa nje hutanda vumbi jeupe. Ua likivamiwa hukauka bila kushika korosho. Haingoji mvua, usiku wa baridi wenye umande unaitosha.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000 hivi. Kufikia 1986/87 hazikufika hata 20,000. Bei duni na watu kuhamishiwa vijijini, mbali na mashamba yao, vilichangia sana, ubwiriunga ukamalizia. Watafiti wa Naliendele, Mtwara, wakahimiza salfa na kutafuta mikorosho inayostahimili.

Lakini salfa bila mkono unaoijua ni hasara tupu. Hukinga, haifufui ua lililokwisha kuungua, kwa hiyo fundi huwahi. Kabla ya msimu huingia chini ya mti na panga, akaondoa machipukizi ya ndani ambako kuvu hujificha ikisubiri maua. Siku ya kazi hutangulia jua, upepo ukiwa umelala na majani yangali na umande wa kunasisha unga. Huelekeza bomba juu, akatazama wingu la njano likipanda, likifika kileleni, likitulia. Likipeperuka pembeni, huzima mashine akangoja. Kungoja huko, na kibarua kinamsubiri kwingine, ndiko ninakokuheshimu kuliko yote.

Salfa huwasha macho na kubana kifua. Wenzangu wa Mbagala mlio na mikorosho Mkuranga, mpeni mpulizaji barakoa na miwani kabla ya kumkabidhi mashine, na mlipeni siku hiyohiyo, msimngojeshe hadi mnada.