Mwamuzi Asiye na Filimbi

Katika mashindano ya briji, mchezaji akiona jambo limekwenda kombo hagombani na mtu. Anainua mkono na kuita, "Mwamuzi, tafadhali!" Meza nyingine hazigeuki hata kutazama. Mtu mmoja anakuja bila haraka, kitabu cha sheria kikiwa mkononi, anauliza kumetokea nini, kisha ananyamaza na kusikiliza. Hana filimbi wala kadi nyekundu, na mara nyingi anaondoka mezani hapo bila mtu kununa. Wengi wanawasifu mabingwa wa mchezo huu. Mimi namhusudu huyu.

Aliyekulia kwenye jamvi la karata ataielewa briji upesi. Watu wanne, jozi mbili, mtu na mwenzake wakikaa ana kwa ana. Karata 52, kila mmoja 13. Kwanza kuna mnada wa kutabiri jozi ipi itakula mara ngapi na turufu itakuwa nini. Baada ya hapo kila mmoja anatupa karata moja, ni lazima kufuata aina iliyotangulia ukiwa nayo, na aliyetoa kubwa anakula. Sura hii ya sasa iliasisiwa mwaka 1925 na Harold Vanderbilt, tajiri wa Marekani, akiwa safarini melini.

Kilichobadilika sana kwenye mashindano ni suala la bahati. Karata hazichangwi upya kwa kila meza. Mgao mmoja unatiwa katika kibao chenye mifuko minne, Kaskazini, Mashariki, Kusini na Magharibi, na kibao hicho kinazunguka ukumbini ili jozi nyingi zicheze karata zile zile. Mwisho wa siku hakuna wa kulia kwamba alinyimwa ree, maana aliyekaa upande wako kwenye meza ya jirani alikuwa na karata hizo hizo, na ndiye unayepimwa naye.

Ili hilo liwezekane, mikono inafundishwa adabu yake. Ukitoa karata zako mfukoni unazihesabu kwanza zikiwa kifudifudi, zitimie 13, ndipo unazitazama. Unapocheza hurushi karata katikati ya meza. Unaiweka mbele yako mwenyewe. Raundi ikiisha unaifunika: jozi yenu ikila, karata inalala kwa urefu kuelekea kwa mwenzako, mkiliwa, inalala kwa upana. Mchezo unapokwisha, mbele ya kila mtu kuna safu ya karata 13, nyingine wima nyingine zimelala, na kila raundi inaweza kusomwa tangu ya kwanza. Mkibishana nani alikula mara ngapi, jibu liko mezani. Ndiyo maana mwiko mkubwa ni kuzichanganya karata kabla pande zote hazijakubaliana hesabu.

Sasa tazama mwamuzi akiwa kazini. Mnada umekwisha, mchezaji wa Kusini ameshinda, na ni zamu ya yule wa Magharibi kutoa karata ya kwanza. Mashariki, mawazo yakiwa mbali, anamtupa mezani malkia wa kopa, uso juu. Si zamu yake. Magharibi amekwisha kuona kitu ambacho hakustahili kukiona, na Kusini amedhulumiwa bila mtu kukusudia. Mwamuzi anaitwa.

Anamgeukia Kusini na kumwambia kwamba ana njia tano, na kwamba asijibu mpaka azisikie zote. Ya kwanza, aikubali karata ile na kufunua mkono wake mwenyewe mezani, mwenzake acheze badala yake. Ya pili, aikubali, mwenzake afunue karata zake mezani, kama ilivyo kawaida kwa mwenza wa mshindi wa mnada, na yeye aendelee kucheza. Ya tatu, aikatae na kumtaka Magharibi aanze na kopa. Ya nne, aikatae na kumzuia Magharibi asitoe kopa. Katika njia hizi mbili Mashariki anarudisha malkia wake mkononi. Ya tano, amwache Magharibi atoe apendacho, malkia akibaki wazi mezani kama karata ya adhabu.

Kuzikariri hizo tano anaweza kila mtu. Ustadi uko kwenye sauti. Mwamuzi mzuri anazitaja kwa mpangilio ule ule, kwa mwendo ule ule, bila kuinua nyusi kwenye yoyote. Akiichangamkia ya nne kidogo tu, ameshamfundisha Kusini la kufanya. Hatakiwi kusema ipi ina faida, hata kama amekwisha kuona karata za wote. Mashariki hakaripiwi. Kitabu chenyewe, ambacho toleo linalotumika duniani ni la mwaka 2017, kinasema katika utangulizi wake kwamba sheria hizi hazikuwekwa kwa ajili ya kuadhibu. Zimewekwa kumrudishia asiye na kosa kile ambacho angekipoteza. Waamuzi bora wanauvaa utangulizi huo usoni.

Na kosa lenyewe lilikuwa na kinga. Desturi ni kuitoa karata ya kwanza ikiwa imefunikwa, mwenzako aulizwe kama ana swali, ndipo uifunue. Mashariki angefanya hivyo, wangemzuia mapema, mwamuzi angemwambia airudishe, na yangeishia hapo.

Mtihani mzito zaidi wa mwamuzi ni ukimya. Katika mnada mchezaji anasita, anashika kidevu, inapita nusu dakika, halafu anasema anapita. Kufikiri hakukatazwi. Lakini mwenzake sasa anajua kwamba karata za yule hazikuwa hafifu, na hakulijua hilo kwa njia halali. Sheria inamtaka mwenzake ajizuie asiitumie habari hiyo. Akiendelea kunadi na mpango ukafaulu, wapinzani wanamwita mwamuzi. Je, angenadi hata kama mwenzake asingesita?

Mwamuzi haingii moyoni mwa mtu kutafuta jibu. Anaandika zile karata 13 na mnada ulivyokwenda, anawafuata wachezaji wengine wa kiwango kile kile ambao mgao huo haujawafikia, na kuwauliza wangefanya nini. Hawaambii kwamba kuna mtu alisita. Wote wakisema wangenadi bila kufikiri mara mbili, matokeo yanabaki. Wakiwapo waliofikiria kwa dhati kupita, na baadhi yao wangepita kweli, alama zinarekebishwa. Katika hukumu yote hiyo hakuna anayeitwa mwizi. Nimesoma hukumu nyingi za michezo mingine, na sijaona nyingine inayomaliza jambo la aibu hivi kwa heshima kiasi hiki.

Kwenye vijiwe vyetu kukonyezana na mwenzako ni sehemu ya utamu, na anayekamatwa anachekwa tu. Kwenye briji ya kiwango cha dunia mzaha huo haupo. Mwaka 1975, kwenye mashindano ya Bermuda Bowl yaliyochezwa Bermuda kwenyewe, viambaza vilitumika kwa mara ya kwanza katika ubingwa wa dunia: ubao unaokatiza meza kutoka pembe hadi pembe, kila mchezaji akamwona mpinzani mmoja tu na asimwone mwenzake. Mwaka huo huo jozi moja ya Italia ikalaumiwa kwa kugusana miguu chini ya meza, na baadaye kizuizi kikashushwa hadi sakafuni. Siku hizi mnada wa ngazi hiyo haunenwi kwa mdomo. Kwa kawaida kila mmoja anatoa kadi kutoka kisandukuni na kuiweka kwenye kisinia kinachopitishwa chini ya kiambaza.

Hata hivyo mwaka 2015 Boye Brogeland wa Norway aliishtaki hadharani jozi ya watu waliokuwa wachezaji wenzake wa timu. Video zilipochunguzwa na wachezaji wa nchi mbalimbali, ilidaiwa kwamba namna jozi ile ilivyokiweka kibao cha mgao mezani ilikuwa inamwambia mwenza aanze na aina gani. Kibao kile kile kilichobuniwa kuondoa bahati! Mambo ya namna hiyo yanahitaji kamera na kamati za nidhamu. Mwamuzi wa ukumbini hawezi kuyashika peke yake, na si haki kumpima kwayo. Kazi yake ni watu waaminifu wanaokosea, nao ndio wengi.

Chukua kosa linalojulikana na kila mcheza karata: una kopa mkononi, lakini unatupa karata ya aina nyingine. Vijiweni hapo ndipo meza hupinduliwa. Kwenye briji, ukigundua kabla jozi yenu haijacheza kwenye raundi inayofuata, unarekebisha. Ukichelewa, wapinzani hupewa raundi moja au mbili kati ya mlizokula, kutegemea nani alikula raundi ile ya kosa na kilichofuata baada yake. Fidia hiyo isipotosha, mwamuzi anaiongeza. Wapo watakaoshangaa kwamba kwa ujumla sheria haikulazimishi kulitangaza kosa lako mwenyewe. Lakini ole wako ujaribu kulificha, kwa mfano kwa kukosea tena makusudi ili la kwanza lisionekane. Naona mpaka huo umewekwa mahali pake: sheria haidai utakatifu, inadai usiwe mjanja juu ya kosa.

Wale mnaoandaa mabonanza ya karata mtaani na maofisini, msingoje kuwa na viambaza na visinia. Andikeni kanuni kwenye karatasi moja na kuisoma kwa sauti kabla karata hazijagawiwa. Kisha teueni mtu mmoja asiyecheza siku hiyo, wachezaji wote wakubali mbele yake kwamba kumwita si kumtukana mtu, na mlipeni posho yake kama mnavyomlipa mwamuzi wa mpira.