Jicho, Herufi na Neno: Uhakiki wa Kibodi za Macho kwa Mintarafu ya Muundo wa Kiswahili

Wanaisimu wengi wamezoea kuyachukulia maandishi kuwa kivuli cha usemi. Wako watu, hata hivyo, ambao kwao maandishi ndiyo usemi wenyewe: wale waliopooza viungo pamoja na ulimi, kwa kiharusi, kwa ugonjwa wa neva au kwa mtindio wa ubongo, huku akili na macho yakibaki mazima. Kwa ajili yao zimebuniwa kibodi zinazoonekana katika skrini na kuendeshwa kwa macho. Makala hii inazihakiki kibodi hizo kama kazi ya lugha, wala si kama kazi ya mitambo. Swali lake ni hili: zingemfaa vipi msemaji wa Kiswahili aliyeko Basoko, pale Aruwimi unapoingia katika mto Kongo, mkoani Tshopo?

Yafaa kuanza na kitabu ambacho wanafunzi wanaosoma Kifaransa wanakifahamu, yaani Le Scaphandre et le Papillon cha Jean-Dominique Bauby, kilichotoka mwezi Machi 1997. Bauby, aliyekuwa mhariri mkuu wa jarida la Elle, alipatwa na kiharusi mwezi Desemba 1995, akabakiwa na ukope wa jicho la kushoto tu. Kitabu kizima alikisemesha kwa ukope huo. Msaidizi alimtajia herufi moja moja, naye alifumba jicho herufi aliyoitaka ilipofikiwa. Herufi hizo hazikufuata mpango wa A, B, C. Zilipangwa kwa wingi wa kutumika kwake katika Kifaransa, zikianza na E, S, A, R, I, N. Wahakiki wameisifu sana subira ya mwandishi, na ni haki yao. Kilichopitwa kimyakimya ni kwamba mpangilio ule ni maelezo ya lugha moja, sarufi ndogo iliyofichwa ndani ya orodha ya herufi.

Msomaji na ajaribu kuandika Kiswahili kwa orodha hiyo hiyo. Herufi mbili za mwisho ni K, ya 25, na W, ya 26. Basi ku-, ki-, wa-, kwa, kuwa na wewe, ambayo hayakosekani katika ukurasa wowote wa Kiswahili, yote yametupwa mkiani. Mgonjwa Mfaransa anayetaka maji hutajiwa herufi 12 mpaka kuikamilisha eau. Mwenzake wa Kiswahili hutajiwa 39 mpaka kuikamilisha maji. Toi humalizika kwa 22, wewe kwa 54. Je t'aime huhitaji 48, ninakupenda 88. Hesabu hii haionyeshi kuwa Kiswahili ni lugha ndefu au nzito, kama wasemavyo wasiokijua. Inaonyesha kuwa mpangilio si wake. Orodha ya Kiswahili ingeanza na A, tena kwa mbali. X na Q zisingekuwamo. C isingesimama bila H. Na baada ya konsonanti nyingi irabu tano zingetangulia kutajwa, kwa kuwa silabi zetu kwa kawaida huishia na irabu. Maneno kama labda na maktaba yatavunja utaratibu, lakini ni machache kuliko yanayoutii.

Katika kibodi za skrini kasoro hiyo imejitokeza kwa sura nyingine. Kamera hufuata mboni na mng'ao wa taa isiyoonekana juu ya jicho, na herufi huchaguliwa pale jicho linapotulia juu yake kwa muda uliowekwa. Wahenga walinena kuwa macho hayana pazia, na hapo ndipo penye ugumu wa kwanza: jicho hutazama kabla ya kutaka, na mashine haina budi kutenganisha kutazama na kutaka. Ugumu wa pili ni kwamba vipimo vya kamera hulegea kadiri jicho linavyoelekea pembezoni mwa skrini. Sasa, mpangilio wa taipureta ya Kifaransa, ambao ndio uliozoeleka Kongo, huiweka A pembeni kabisa kushoto, na ule wa Kiingereza huiweka ukingo huo huo. Herufi inayotumika kuliko zote katika Kiswahili imepewa mahali pabaya kuliko pote. Mpangilio huo ulitungwa kwa ajili ya vidole. Hakuna sababu ya kumtwisha mtu asiyekuwa na hata kimoja cha kuinua.

Ili kupunguza kazi, wabunifu wameongeza ubashiri wa maneno: mtumiaji huandika herufi za mwanzo, mashine ikampendekezea neno zima. Katika Kifaransa au Kiingereza mwanzo wa neno aghalabu hubeba mzizi, kwa hiyo ubashiri hupata pa kushika. Katika kitenzi cha Kiswahili mwanzo hubeba nafsi na njeo. Mtu akishaandika nina-, ametumia herufi nne na mashine haijui bado kama anapenda, anaumwa au anachukia. Kuhifadhi maumbo yote katika orodha nako hakusaidii sana: nafsi sita kwa njeo nne ni maumbo 24, yakizidishwa kwa viambishi sita vya yambwa huwa 144, hata kama machache hayatumiki, na huo ni mzizi mmoja tu kabla ya kunyambuliwa. Dawa imo katika sarufi yenyewe. Skrini ionyeshe kwanza nafsi, kisha njeo, kisha yambwa, ndipo herufi za mzizi. Ninakupenda, yenye herufi 11, ingepatikana kwa chaguo nane: ni, na, ku, herufi nne za mzizi, na irabu ya mwisho.

Programu ya Dasher, ambayo David Ward na David MacKay wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliieleza katika jarida la Nature mwaka 2002 kwa matumizi ya macho, inastahili sifa ya pekee. Herufi hutiririka kuelekea kwa mtazamaji katika visanduku, na sanduku la herufi inayotarajiwa zaidi huwa kubwa zaidi. Haikuhitaji kuambiwa kiambishi ni nini, kwani huyajua mazoea ya lugha kutokana na matini iliyolishwa. Lakini ikilishwa magazeti ya Dar es Salaam peke yake, itapanua wa- na kuifinya ba- ya Kiswahili cha Kongo. Na msemaji wa Kisangani anayesema batu atalazimika kupigana na skrini ili aseme kama alivyosema kabla ya kuugua. Kumrudishia mtu usemi kwa lahaja ya mtu mwingine ni kumrudishia nusu.

Kwa hakika mto huu ulikwisha kutoa funzo juu ya kusema kwa ishara chache. Walokele, majirani wa Basoko upande wa juu wa mto, walizungumza kwa ngoma ya gogo yenye sauti mbili tu, ya juu na ya chini, wakiiga toni za lugha yao. John Carrington, aliyefundisha Yakusu karibu na Kisangani, alieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1949, Talking Drums of Africa. Kwa kuwa maneno mengi hulingana kwa toni, mpiga ngoma hakufupisha, alirefusha. Mwezi haukutajwa peke yake bali kwa kirai kizima kinachousifia jinsi unavyoitazama ardhi, na kwa wastani neno moja lilipata takriban manane. Wabunifu wa leo hupima kazi yao kwa idadi ya maneno kwa dakika. Kipimo hicho kina haki yake, ila kimewasahaulisha kwamba ngoma ilifaulu kwa sababu wasikilizaji walikubali kungoja.

Nao walingoja kwa kuwa waliitwa kwanza. Ujumbe wa ngoma ulitanguliwa na mlio wa kuita, na watu walikuwa na majina yao ya ngoma. Baadhi ya kibodi za wagonjwa hazina mlio huo. Zina vitufe vya maji, choo, maumivu. Hazina kitufe cha kudai zamu. Anayeandika kwa macho humaliza sentensi yake mazungumzo yakiwa yamekwisha kuhamia kwingine, na mzaha uliochelewa si mzaha tena. Wala hawezi kutega kitendawili, au kumkatiza mjomba anayemsingizia neno. Kitufe cha kwanza katika skrini ya Basoko, kabla hata ya A, kinafaa kuwa cha sauti ya kuwaambia waliopo: ngojeni, nasema.

Linabaki suala la lugha ya nyumbani, kwa kuwa Basoko Kiswahili ni lugha mojawapo tu, kando ya Kilingala na lugha za wenyeji wa mto. Kiswahili hakina toni ya kutofautisha maneno. Lugha hizo zinazo. Katika Kilokele, lisaka huweza kuwa dimbwi, ahadi au sumu kwa tofauti ya toni tu. Mtu mzima husaidiwa na sauti yake. Anayeandika kwa jicho atahitaji alama mbili zaidi katika skrini, na muda zaidi wa kuzitazama, ili ahadi yake isisomwe kuwa sumu.